Bega la Radbourn lilikuwa mali ya nani?

Charles Radbourn, mrushaji wa besiboli (yule anayemtupia mpigaji mpira) aliyejulikana zaidi kama "Old Hoss", husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaomwona shujaa aliyeibeba mgongoni Providence Grays, timu ya mji wa Providence, Marekani, mwaka 1884. Wapo wanaomwona kibarua aliyekamuliwa na matajiri wa timu hadi mkono ukamwishia. Mimi nasimama karibu zaidi na hao wa pili, ila wanamsahau mtu mwenyewe: Radbourn alijua kujadili bei.

Katikati ya Julai mwaka huo uongozi ulimsimamisha. Siku chache baadaye mrushaji mwenzake, Charlie Sweeney, kijana aliyewatoa wapigaji 19 wa Boston, walioshindwa kuipiga mipira yake, katika mechi moja ya Juni, alizozana na meneja, akaondoka mechi ikiendelea na akafukuzwa. Enzi hizo klabu iliendesha msimu kwa warushaji wawili hivi. Providence ikajikuta haina hata mmoja, na mazungumzo ya kuivunja timu yakaanza. Ndipo Radbourn alipotoa ofa yake: atarusha karibu kila mechi iliyobaki, kwa masharti mawili. Aongezewe fedha, na msimu ukiisha aachiwe huru.

Sharti hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Tangu 1879 wamiliki wa klabu za National League, ligi ambayo Providence ilicheza, walikuwa wamepatana kwamba kila mmoja ajiwekee wachezaji ambao klabu nyingine hairuhusiwi kuwagusa. Walianza na watano kwa kila klabu, kisha idadi ikapanda. Mkataba ungeisha, lakini mchezaji angebaki palepale, labda aache mpira kabisa. Kwa hiyo Radbourn alikuwa anauza bega lake ili anunue haki ambayo fundi seremala yeyote wa Providence alikuwa nayo bure.

Na kazi aliifanya. Alianza mechi 73 na kuzimaliza zote mwenyewe. Alirusha awamu 678 (mechi moja huwa na awamu tisa), wakati mrushaji wa leo akifikisha 200 anasifiwa kwa ustahimilivu. Wanatakwimu bado wanabishania ushindi wake, kama ni 59 au 60. Ubishi wa mechi moja tu, na sioni unabadilisha nini. Grays walitwaa ubingwa wa ligi yao, kisha wakaifunga New York Metropolitans, mabingwa wa ligi nyingine, mechi zote tatu za fainali.

Wanaotetea mfumo ule husema mchezo ulikuwa mwepesi: mrushaji alisimama karibu zaidi na mpigaji kuliko leo, na mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini. Tena, wanasema, kama bega lilikufa, mbona alicheza hadi 1891? Ni hoja ya kweli, lakini tazama wapigaji aliowatoa: 315 mwaka 1883, 441 mwaka 1884, halafu 154 mwaka 1885. Alibaki uwanjani, sawa, ila si mrushaji yuleyule. Inasimuliwa kwamba asubuhi nyingine za msimu wa 1884 hakuweza kuinua mkono achane nywele.

Kwa upande mwingine, wanaomlilia huvuka mpaka wanapotaja kifo chake, Bloomington, Illinois, mwaka 1897 akiwa na miaka 42. Alikuwa amejeruhiwa kwa risasi mawindoni na kupoteza jicho, na maradhi yakammaliza. Hilo si deni la besiboli.

Kinachochekesha ni kwamba baada ya kupigania uhuru wake, alibaki Providence. Klabu ikavunjika mwisho wa 1885, naye akahamia Boston. Angeweza kuonekana mtu aliyeridhika. Lakini mwaka 1890 wachezaji walipoasi na kuunda ligi yao, Players' League, Radbourn alikuwa miongoni mwao, akashinda mechi 27 na timu yake ya Boston ikawa bingwa. Ligi ile ilikufa baada ya msimu mmoja. Utaratibu wa kuwafunga wachezaji ulidumu hadi miaka ya 1970.