Mbwa Anayejikuna: Tuzime Mwasho au Tutafute Chanzo?

Mbwa mwenye ngozi mbovu halazi nyumba. Usiku kucha utasikia mguu ukigonga sakafu, kisha anajilamba nyayo mpaka manyoya meupe ya katikati ya vidole yageuke rangi ya kutu kwa mate. Anapelekwa kwa daktari, anadungwa steroidi, dawa inayozima mwasho haraka, kesho yake ametulia. Wiki kadhaa zikipita anaanza tena, na sindano nyingine inafuata. Hapo ndipo watu hugawanyika: mnyama apate nafuu kwanza, au chanzo kijulikane kwanza?

Wanaotaka nafuu wana hoja. Kujikuna huchubua ngozi, bakteria na fangasi wakapata makao, na hao nao huzidisha mwasho. Prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, huuvunja mzunguko huo haraka, tena kwa gharama ndogo. Lakini huleta kiu, mkojo na njaa isiyoshiba, na ikitumika muda mrefu misuli hunyauka na ngozi huwa nyembamba. Kama tatizo ni demodeksi, utitiri mdogo sana unaoishi kwenye vinyweleo, steroidi huupalilia. Binafsi naogopa zaidi sindano inayokaa mwilini wiki nyingi: kidonge utakipunguza taratibu, lakini dawa iliyokwisha kudungwa huwezi kuirudisha. Oklasitinibi, kidonge kisicho steroidi kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013, huzuia ishara za mwasho zenyewe, ila hapewi mbwa wa chini ya miezi 12.

Wanaotafuta chanzo huanza na vitu vidogo. Daktari hukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini. Wewe nyumbani mchane mbwa juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vumbi jeusi likitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, hata kama hujamwona kiroboto mwenyewe. Mbwa mwenye mzio nao huteseka kwa kuumwa mara chache tu, na huwameza wengi akijilamba.

Kazi ngumu ni kujua kama chanzo ni chakula. Kwa wiki 8 hivi mbwa anakula protini moja ambayo hajawahi kuila, basi. Kisha anarudishiwa chakula cha zamani, tuone kama mwasho utarudi. Wengi huangukia hapa: mtoto akimdondoshea kipande cha nyama mezani, jaribio limeharibika. Na vipimo vya damu vya mzio wa chakula si njia ya mkato, kwani haviaminiki.

Ila kambi hii nayo huahidi kupita kiasi. Ukishaondoa viroboto, utitiri, maambukizi na chakula, mara nyingi kinachobaki ni atopi, mzio wa kurithi wa vumbi na chavua, ambao kwa kawaida hauponi. Chanjo za kuuzoesha mwili vitu hivyo huweza kuchukua mwaka kabla ya kujulikana kama zimefaa, na kuna mbwa zisiowasaidia kabisa. Mbwa huyo akimeza dawa maisha yake yote, hakuna aliyezembea.

Kwa hiyo naona ugomvi umekuzwa. Ngozi ikwanguliwe kabla ya sindano ya kwanza, si baada ya ya tano. Hata jaribio la chakula linaweza kuanza mbwa akiwa kwenye vidonge vya siku chache, mradi visimamishwe mapema, ili wiki za mwisho zionyeshe kama ni chakula kilichomtuliza au ni dawa.