Mzinga wa gogo usitupwe

Nimesoma habari inayowahimiza wafugaji wa nyuki wa huku Kilimanjaro waache mizinga ya magogo wahamie ya masanduku, eti mizinga ya asili inamaliza misitu. Imeniuma. Masanduku siyapingi, kurina asali ni rahisi, lakini kuulaumu mzinga wa gogo hivyo si haki. Unaoua mti ni mzinga wa gome, gome linalobanduliwa kuzunguka shina zima.

Wazee wetu wa mlimani huchonga mizinga kwa mti wa mringaringa. Gogo linapasuliwa kwa urefu, linachimbwa kwa tezo, ndani linapakwa nta ili kundi la nyuki livutwe na harufu, kisha vipande vinafungwa na kutundikwa juu ya mti. Giza likiingia fundi anatanguliza moshi, anapapasa mpaka apate masega yaliyoiva. Yenye majana, yaani watoto wa nyuki, anayaacha. Ujuzi ule wa mkono ndio urithi wenyewe! Na nta inapatikana nyingi kuliko kwenye sanduku, kwa kuwa sega lote linakatwa.

Polandi na Belarusi waliandikisha kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, ufugaji wao wa nyuki kwenye miti mwaka 2020, Slovenia nao wakaandikisha wa kwao 2022. Sisi Tanzania tuliridhia mkataba wa orodha hiyo, wa urithi usioshikika kama mila na ujuzi, tangu 2011. Tunasubiri nini? Jirani zetu Wamasai asali ni ya pombe ya sherehe zao, nao wahusishwe.

Maafisa utamaduni wa Moshi na Arusha, warekodini mafundi hawa wangali na nguvu ya kupanda mti. Huku Marangu wapo, njooni hata wiki hii.