Siku Niliyogeuzwa Horohoro

Mtoto yeyote aliyekulia Tanga ameambiwa kwamba Mapango ya Amboni yanatokea Mombasa. Wengine tuliambiwa yanafika Kilimanjaro, tukaongezewa na habari za mbwa: aliingia na mabwana zake wa Kizungu, mabwana wakapotelea humo, mbwa akaja kuonekana mlimani. Wapimaji waliokuja 1994 walisema pango refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Kawaambie hayo wazee wa kahawa pale Ngamiani, uone kama utaruhusiwa kumaliza kikombe.

Shemeji yangu, mume wa dada, alizisikia habari hizi akiwa kwao Shinyanga, akazifanyia hesabu. Kama pango linatokea Mombasa, basi linapita chini ya mpaka. Na kama linapita chini ya mpaka, huko chini anayegonga mihuri ni nani? Aliteremka stendi ya Kange na swali hilo kichwani, pasi ya kusafiria mfuko wa shati, na kadi ya njano ya chanjo imekunjwa ndani yake. Watu wa bara wakija Tanga wanataka samaki na kuoga bahari Raskazone. Huyu alitaka kuona mpaka.

Haikuwa kazi ngumu. Barabara ni moja: ukitoka mjini kuelekea Mombasa, kama kilometa 8 uko Amboni; ukinyoosha nayo, kilometa sitini na kitu kutoka mjini uko Horohoro, na mbele yako ni Lunga Lunga, Kenya. Asubuhi mapango, mchana mpaka, jioni samaki. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba.

Wa kutuongoza alikuwa kijana wa mtaani kwetu, mtoto wa jirani, aliyejitolea kwa nauli na soda. Mwembamba kama ufito, na maneno hayamwishi. Tulipokuwa mlangoni likafika lori limejaa watoto wa shule ya msingi kutoka upande wa Muheza, na mwalimu wao, mama mmoja mwenye sauti ya mnadani. Alimsikiliza kijana wetu akieleza jinsi mawe yale ya chokaa yalivyokuwa chini ya bahari zama hizo, na maji yalivyoyala pole pole mpaka yakabaki mashimo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tunafuatana na nyinyi," akasema. Hakuomba.

Ndani tulikwenda vizuri. Giza, popo, tope la kuteleza. Tukaonyeshwa jiwe linalofanana na mamba, na jingine linalofanana na chochote utakachoambiwa. Tukapita penye mzimu, watu walipoacha sarafu na chupa za marashi, na mwalimu akamkata jicho mtoto mmoja aliyekuwa anazihesabu sarafu. Halafu tukafika penye njia nyembamba.

"Hapa tunalala chini, tunapita kwa tumbo," kijana akatangaza. Akapita. Mwalimu akajikunja, akapita, na sijui alipitaje maana naye hakuwa mdogo. Nusu ya watoto wakapita. Ndipo kijana akaita kutoka upande wa pili: "Baba mdogo, wewe pita sasa hivi, ukae katikati uwaangalie watoto."

Sikujiweka katikati mimi. Naomba hilo lieleweke.

Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa kubembelezwa. Mikono ikawa huru upande wa mbele. Halafu ikafika zamu ya mahali pale ambapo ugali wa miaka yote umejihifadhi, na mwamba ukanishika kiunoni kwa heshima kabisa, bila kuniumiza, ila haukuniachia.

"Baba mdogo, njoo."

"Nimekuja. Iliyobaki ndiyo haiji."

Kutoka nyuma nikaisikia sauti ya shemeji, ya mbali, ya mtu anayesoma taarifa: "Shemeji, mguu wa kushoto unacheza. Wa kulia umetulia. Tatizo nini?" Nikamweleza. Akanisukuma. Msukuma akikusukuma unajua umesukumwa. Nilisogea kidogo mbele, na mkao ukawa mbaya zaidi. Kijana akanivuta mikono, nao ukanikaa barabara.

"Usiogope," akasema, na kwa vile hakujua afanye nini, akaendelea na maelezo. "Watoto, hapa alipokwama baba mdogo, ndipo alipokuwa anapita Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, miaka ya 1950, wakijificha na polisi wa mkoloni. Wakoloni waliwatafuta sana."

"Mbona polisi hawakupita?" mtoto akauliza.

"Walikuwa wanakula vizuri."

Watoto wakacheka pande zote mbili, na hapo ndipo mwalimu alipogundua kwamba darasa lake limegawanyika. Nusu iko naye. Nusu iko nyuma yangu, na shemeji. Akanimulika na tochi, akaniangalia kwa kitambo, na nikaona kabisa wazo likimwingia.

"Madaftari," akasema. "Mada yetu ni nini muhula huu?"

"Mipaka ya nchi yetu!" Nusu ya jibu ilitoka mbele yangu, nusu ikapita juu ya mgongo.

"Mtazameni mjomba. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya na ramani. Wakaanzia hapa kwetu pwani, mdomoni mwa Mto Umba, wakapiga mstari mpaka Ziwa Jipe, wakaukunja kuuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, wakaunyoosha hadi Ziwa Victoria. Sultani wa Zanzibar wakamwachia kipande cha pwani, upana wake maili 10, nacho hakukaa nacho sana. Kusini, Mjerumani, na Tanga yake. Kaskazini, Mwingereza, na Mombasa yake. Mjomba ndiye mstari. Walio huku ni Kenya. Walio nyuma ni Tanganyika."

"Madamu, mimi dada yangu yuko nyuma!" akalia mtoto mmoja.

"Vizuri sana. Ndivyo ilivyowapata Wadigo. Ndugu huku, ndugu kule, na hakuna aliyeulizwa."

"Kweli, mimi bibi yangu yuko Vanga," akasema mwingine.

Nilitaka kuuliza kama mstari unaruhusiwa kuomba maji. Nikapewa. Kati ya mgongo wangu na dari ya pango kulikuwa na upenyo wa kupitisha mkono, na chupa ile ikafungua njia. Baada ya chupa ikapita pakiti ya ubuyu. Halafu biskuti. Halafu kalamu, kwa sababu Tanganyika walikuwa hawana kalamu za kutosha. Mtoto mmoja mwenye meno makubwa, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na sikio langu, akajiteua: kila kinachopita juu yangu, yeye anamega. "Ushuru," anasema, na mkono mdomoni. Nilimwona akitoza ubuyu kwenye pakiti ya ubuyu wake mwenyewe, iliyokuwa imeenda na kurudi.

Mtoto mmoja, na huyu naamini atafika mbali, akanyoosha kidole. "Madamu, vita ya kwanza ilipoisha Mjerumani alinyang'anywa, Tanganyika ikawa ya Mwingereza. Kote kukawa kwake. Kwa nini asiufute mpaka?"

Mwalimu akanielekezea tochi tumboni. "Mpaka ukishakaa, umekaa. Mnaona wenyewe."

Kijana wetu wakati huo alikuwa ameshatambaa kwenda kutafuta msaada, na hapo kuna jambo ambalo mpaka leo namdai. Aliondokea upande wa mbele. Baada ya muda nikamsikia anaongea nyuma, na shemeji.

"Wewe umepitia wapi?" shemeji anauliza.

"Kuna njia nyingine, ya kuzunguka. Ile pana. Ndiyo wanapitishwa watu wenye miili."

Pango zima likanyamaza. Hata popo.

"Mbona baba yako mdogo hukumpitisha huko?"

"Hakuuliza."

Akaenda nje kutafuta kamba. Mwalimu hakupoteza nafasi. Akaingia Vita ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Mjini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliishia kuwa na kama 1,000. Lakini kabla ya kushusha watu, manowari Fox ikaja kwanza bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba amani imekwisha. Walipiga hodi! Mjerumani akapata muda wa kuleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, reli ile ile iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893. Waingereza wakashukia Raskazone, wakaingia kwenye mashamba, risasi zikapasua mizinga.

"Nyuki!" watoto wakapiga kelele, maana hakuna mtoto wa mkoa huu asiyelijua jibu hilo.

"Nyuki walimuuma nani?"

"Mwingereza!"

"Wote. Nyuki hawakuwa na mpaka. Andikeni."

Nikasikia kitu kinasugua mgongoni. Nikadhani ni ubuyu. Kilipofika chini ya pua yangu nikaona ni kitabu kidogo chenye nembo ya taifa. Pasi ya shemeji, imefunguliwa kwenye ukurasa mtupu.

"Shemeji," sauti ikaja kutoka Tanganyika, "gonga muhuri. Kadi ya njano imo ndani."

Sitarudia nilichomjibu, kulikuwa na watoto. Mwenye meno makubwa aliipokea ile pasi, akaikagua mbele na nyuma, akauliza kama mwenyewe ana ubuyu.

Kamba ilipofika ilikuwa ya mwenye bodaboda, ya kufungia magunia ya mkaa, nyeusi na inawasha. Wakanizungushia kwapani. Nilikuwa najua kinachofuata, nikafumba macho.

"Watoto, kamba hii ya nini?"

"Ya katani!"

"Nani aliileta katani?"

"Daktari Hindorf!"

"Mwaka 1893, kutoka Florida. Miche 1,000 ikasafirishwa, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62 mkaja kuwa na mashamba yote haya mnayoyapita na lori. Shikeni."

Kenya wakashika kamba. Tanganyika wakashika miguu, shemeji akiwa kiongozi. Kijana akaniambia nivue mkanda kwa akili, nitoe pumzi yote, na nisicheke. Nikatoa pumzi. Mwalimu akahesabu. Watoto wa mbele wakavuta, shemeji akasukuma kwa nguvu zake zote za kulima pamba, na nikasikia mlio mrefu wa kitambaa. Nilitoka. Suruali ilitoka kiasi. Sehemu ya nyuma ilichagua kubaki, na sikumtuma mtu kuifuata.

Watoto wakapiga makofi, dada na ndugu yake wakakumbatiana kwa vituko, na mwalimu, bila kuniangalia, akafungua mkoba akanitupia kanga. Nikajifunga. Tulitoka kwa njia ile pana. Ni pana kweli, kijana hakusema uongo. Watu wawili mnapita mnaongea.

Horohoro hatukwenda siku hiyo. Shemeji alipanda mwenyewe daladala kesho yake, akagonga muhuri wa kweli, akanywa chai Lunga Lunga, akarudi akasema pale hakuna cha kutazama, majengo tu na malori.

Juzi nilikuwa Soko la Mgandini natafuta machungwa. Mama muuzaji, ametoka nayo Muheza, ana mtoto ameketi juu ya tenga. Mtoto akaniangalia usoni, akanishusha mpaka tumboni, akasimama wima.

"Shikamoo Mpaka!"

"We!" mama akamkaripia. "Huyo ni mjomba wako. Mwamkie vizuri."

"Mama, ndiye yule! Swali la mpaka wa 1886 nilipata lote kwa ajili yake. Alikuwa ameziba hivi." Akaonyesha kwa mikono, na akatia chumvi.

Mama akanitazama na yeye, pole pole, bila haya. Akanifungia machungwa yangu, akaongeza mawili juu.

Mtoto akachukua moja. Akatabasamu, na meno yote yakaonekana.

"Ushuru," akasema.