Wazee wa Huku Wanapaza Sauti, wa Kwetu Wananong'ona

Jirani yangu hapa London, bibi wa miaka sabini na ushee, amebandika dirishani bango linalomwita Waziri Mkuu mwongo. Polisi wa doria hulipita bila kugeuza shingo. Kila nikiliona nafurahi, kisha naingiwa na uchungu. Baba yangu kule Kenya, rika lake kabisa, huzima redio kwanza ndipo alitaje jina la rais kwenye simu. Na yuko sebuleni mwake, peke yake.

Siisifu Uingereza. Agosti 2025, polisi walikamata watu zaidi ya 500 kwa siku moja Parliament Square, wengi wakiwa wameketi tu na mabango ya kuunga mkono Palestine Action, kundi lililopigwa marufuku. Lakini karibu nusu yao walikuwa na miaka 60 kwenda juu! Vijana ninaofanya nao kazi ndio wanaopima kila neno, wasije wakaudhi mwajiri.

Kwetu ni kinyume. Juni 25, 2024, watoto wetu waliingia hadi Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha na kodi zake mpya, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Wapo ambao hawakurudi nyumbani. Nilijivuna, nikalia. Baba akasema, "Si tuliwaambia?"

Hapo ndipo ninapochoka. Mwaka 1986, msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, ulipopamba moto, mwalimu mwenzake alichukuliwa usiku. Baba akachoma madaftari yake yote jikoni, hata ya mashairi. Aliyeishi zama za Nyayo House, jengo la Nairobi walimoteswa wapinzani, na za kuwekwa kizuizini bila kesi ana haki ya kuogopa. Hana haki ya kuuita woga huo adabu, kisha amlishe mjukuu aliyekua na Katiba ya 2010 na anayekijua Kifungu cha 37, cha haki ya kuandamana, kwa moyo.

Wazee mtaniambia: "Wewe uko majuu, kazi yako kuchochea watoto wa wenzako." Ni kweli, risasi hainifikii huku. Lakini mpwa wangu alikuwa barabarani siku ile, na hakuomba ruhusa yangu wala ya babu yake.

Mnasema vijana hawana heshima. Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa 1991 kwa heshima ya nani? Ni nyinyi mliotoka Saba Saba ya 1990, Julai 7, kudai vyama vingi, wengine wenu mkiwa na umri wa hawa hawa mnaowakemea. Basi wasimulieni mlivyofukuzwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, mlijificha wapi, na kwa nini mlitoka tena.