Nadaiwa Posho ya Kuku Wangu Mwenyewe

Leo asubuhi kabla hata sijapiga mswaki simu ikalia, nikajua tu ni wale wa mikopo, kumbe jirani yangu wa geti la bluu. "Habari za asubuhi jirani. Naomba nitumie 4,500 ya matunzo ya kuku. Chakula 3,500, chanjo 1,000. Na ya kutolea."

Na ya kutolea! Yaani mtu kamfungia kuku wangu bandani kwake, katagiwa mayai, mayai kayakaanga, harufu ya kitunguu nimeisikia mwenyewe mpaka kwangu dirishani, halafu leo mimi ndo mdaiwa. Kuku anayetaga anakula gramu 120, ikizidi sana 130 kwa siku, hata awe mlafi vipi. Hiyo 3,500 ni ya kuku pamoja na mashemeji zake.

Sasa tuelewane. Mimi ni mfugaji. Sina bango barabarani wala fulana ya kampuni ya vyakula vya mifugo, nina banda la mabanzi nyuma ya choo hapa Chanika, basi, lakini mayai yapo na watu wanajua yapo, ndo maana wanakuja kukopa. Ila ufugaji wa uani una tabu moja ambayo wale wa video za "anza na kuku kumi" hawaisemi, nayo ni wapita njia. Mtu hajawahi kufuga hata njiwa, akichungulia tu juu ya ukuta keshakuwa mtaalamu wa mbegu.

Nina jogoo, tunamuita Mheshimiwa. Nimeuziwa akiwa Kuchi, na tangu aingie hapa kila wiki anabadilishwa kabila. Kuchi mnamjua, mrefu, miguu minene, anasimama wima kama askari wa gwaride, kifuani manyoya haba mpaka ngozi nyekundu inaonekana, kilemba kidogo kimelala kichwani, na ugomvi ndo usiseme maana damu yake ni ya kuku wa kupigana, na bei yake mtu anaondoka na mbuzi. Sasa Mheshimiwa urefu anao, ugomvi anao, mtoto wa watu akitumwa dukani anazunguka mtaa wa pili. Shida kilemba. Kilemba cha Mheshimiwa kimesimama na meno yake matano. Bodaboda kapaki juzi hapo nje, kamuangalia, kanicheka, "Mzee hapo umepigwa, hiyo Sasso." Muuza mkaa kasema Kuroiler. Fundi bomba aliyekuja kwa ajili ya koki kakaa kumtazama Mheshimiwa mpaka ndoo zikajaa zikamwagika. Mama watoto kaulizwa na yeye kasema ni supu.

Halafu kuna hili la Malawi. Hapa mtaani kuku yeyote mkubwa ambaye baba yake hajulikani anaitwa Malawi. Mweusi, Malawi. Mwekundu, Malawi. Wa madoadoa, Malawi chotara. Yule Malawi wa kweli, mweusi anayeng'aa kijani ukimuweka juani, ni Black Australorp, na kwao ni Australia, Malawi alikaa tu akazaana mpaka jina likamgandia. Kuroiler katokea India, Sasso katokea Ufaransa. Ukiwaeleza hivyo wanakuangalia wanakuambia mzee acha kujifanya msomi, Malawi ni Malawi.

Chanjo nayo. Kideri hakuna asiyekijua, jioni wamepanda kulala wazima, asubuhi mmoja shingo imepinda, mwingine mabawa yanaburuza, kinyesi kijani, kesho kutwa unachimba shimo. Na kinga yake ni rahisi mno inauma roho, ile chanjo ya I-2, tone moja jicho moja, kila miezi 3 unarudia. Ila chupa ninayouziwa mimi ni ya kuku 100, na mimi kuku 100 nawaona kwenye kalenda. Nikasema tuchange mtaa, nikapita geti kwa geti na daftari. Wengine wakajificha. Huyu wa geti la bluu, huyu huyu, akanitolea mhadhara pale mlangoni, kuku wake hawadungwi dungwi makemikali, wanakunywa shubiri na pilipili kichaa, kinga ya asili, mababu walifuga hivyo hivyo. Nikamwambia jirani haidungwi, inadondoshwa. Akasema yote ni mamoja.

Na ile ya kwenye maji ndo usiniulize. Bwana mifugo anakuambia kwanza uwanyime maji wapate kiu, halafu usitumie ya bomba yana dawa itaua chanjo, halafu weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Maziwa ya unga! Siku hiyo watoto wangu wamekunywa chai ya rangi wanaangalia dirishani kuku wanavyokunywa maziwa. Mdogo akaniuliza, baba, na sisi tutachanjwa lini.

Turudi kwa tetea. Huyu anayedaiwa posho ni kishingo, zawadi ya mama mkwe kutoka Dodoma. Shingo uchi, nyekundu, mbele ana kishada kidogo cha manyoya hapa penye koo. Sio mzuri, sitadanganya, mgeni akimuona mara ya kwanza anatoa pole. Lakini joto la Dar linamkuta yuko tayari, saa saba wenzake wameachama midomo chini ya mpapai yeye anachakura. Na anataga. Jioni moja hakurudi. Tukamsingizia kicheche, tukamsingizia paka wa kwa fundi cherehani, tukatafuta mpaka kwenye mtaro wa barabara kuu. Hola. Mpaka siku niko chooni, samahani, nikasikia kelele ya kuku aliyemaliza kutaga, ile kokokoko ya kujitangaza, na kelele ya kuku wako unaijua. Inatokea geti la bluu.

Nikaenda, nikabisha hodi kwa heshima zote. Nikasema jirani, naona umemhifadhi kuku wangu, ahsante sana. Akamtazama kuku, akanitazama mimi, akasema, "Huyu? Huyu Kuroiler wangu. Shingo wamemnyonyoa wenzake."

Tukaenda kwa mjumbe.

Mimi nilidhani ni jambo la dakika tano. Nafika barazani kwa mjumbe nakuta viti vya plastiki vimepangwa, watu wa kutosha kikao cha harusi, mama wa genge kafunga genge, watoto wako juu ya mwembe. Mjumbe mwenyewe kavaa koti, jua lote lile. Kuku kawekwa katikati chini ya tenga. Mjumbe akakohoa, akasema shauri lililoko mbele yetu ni la kuku mmoja, jinsia ya kike, umri haujulikani, mlalamikaji ana alama gani? Nikasimama nikasema kwa utulivu, mjumbe, kuku wangu nimemfunga kitambaa chekundu mguu wa kulia. Tenga likafunuliwa, kitambaa hicho hapo. Nikaanza kukaa nimeshinda. Jirani naye akasimama, kuku wangu nimemfunga kitambaa chekundu mguu wa kulia. Fundi cherehani akadakia, kile kitambaa ni mabaki ya sare ya harusi ya mwaka jana, aligawa mtaa mzima, hata yeye kuku wake wanavyo. Ushahidi ukafia hapo.

Mjumbe akasema basi tuangalie mbegu. Jamani, angeuliza nani anashabikia timu gani pasingechafuka vile. Malawi! Sasso! Mama mmoja anasema ni bata mzinga wa kichotara, na yuko serious. Kijana mmoja mwenye simu kubwa akasema wazee tusibishane, kuna programu, unapiga picha inakutajia. Akapiga picha, kuku akageuka, akapiga tena, mjumbe akaingia kwenye picha, akapiga tena. Intaneti ikazunguka wee. Kikao kizima kimya kinasubiri. Kijana akasoma kwa sauti, "Transylvanian Naked Neck. Romania."

Mjumbe akavua miwani. "Huyu kuku ni Mromania?"

"Ndivyo inavyosema, mzee."

"Na kaingia kwa mpaka gani?"

Hapo tukapoteza muda mwingi. Kuna waliosema shauri limemzidi mjumbe liende uhamiaji, kuna aliyeuliza kama kumla itakuwa kosa, jirani yangu akapata nguvu akasema ndio, yeye ana ndugu aliwahi kusafiri nje. Nje wapi, wala hakuulizwa. Nikahisi kichwa kinaniuma kwa nyuma. Mimi mtu mzima, nina familia, Jumamosi yangu ya pekee ya kupumzika, nabishania uraia wa kuku.

Alikuwepo bwana mifugo mstaafu mmoja, kimya muda wote na kikombe chake cha kahawa na kashata. Akainuka, akaomba maji, akanawa mikono, watu wakanyamaza wenyewe. Akamtoa kuku kwenye tenga, akambana kwapani, akapitisha kidole gumba shingoni kwenda juu kwenda chini. Akasema aliyenyonyolewa na wenzake ana vishina vya manyoya, vinakwaruza, na mara nyingi kuna vidonda, na akibadili manyoya yanaota tena. Huyu laini, hapajawahi kuota kitu toka akiwa kifaranga, kazaliwa hivi, ni kishingo. Kisha akashika kile kishada cha pale mbele. Akasema hiki kinaonyesha kachukua ukishingo kwa mzazi mmoja tu, angeupata kwa wote wawili shingo ingebaki uchi karibu yote. Sasa wewe bwana, bandani kwako kuna kishingo yeyote?

Jirani akasema yupo ila kasafiri.

Baada ya hapo kila mtu akataka kushika shingo. Ikapangwa foleni, nawaambieni, foleni, watoto wakashuka mwembeni, mama wa genge kashika mara mbili. Kuku wa watu macho yamemtoka. Mjumbe akasema ili haki itimie tupate na ushahidi wa asili yake, nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. Salamu tu zilichukua robo ya vocha, shikamoo mama, marahaba baba, watoto, wazima, mvua, hamna, mahindi, yamekauka. Mjumbe akauliza mama, ulimpa mkweo kuku kishingo? Akasema nilimpa, mama yake kishingo, baba yake wa kawaida wa hapa hapa. Watu wakapiga makofi, bwana mifugo akarudi kwenye kashata yake. Mama mkwe hakukata simu. Akauliza, kwani amefanyaje? Akaelezwa alihamia kwa jirani. Kimya. Halafu, "Sasa kuku na akili yake ataanzaje kuhama penye chakula?"

Baraza zima likaangua kicheko. Shahidi wangu mwenyewe! Niliyempigia kwa vocha yangu!

Na katikati ya kicheko hicho, tetea kaponyoka, kapanda kiti cha mjumbe, kajipangusa kwenye mto wa kiti, kataga. Yai la maji ya kunde, bado lina unyevu. Nikasema langu, kuku wangu yai langu. Jirani akasema kuku wako sawa, ila yai lile limetengenezwa na layers mash yangu, toka jana hajala kwako. Na mjue watu walianza kumuelewa! Mjumbe akahukumu: kuku ni wa mlalamikaji, mambo ya matunzo wakayamalize kijirani, yai libaki ofisini ni kielelezo. Kesho yake nikapita kuulizia kielelezo, mke wa mjumbe akaniambia kimeshafanyiwa kazi.

Ndo hayo matunzo ya kijirani yamekuja leo na ya kutolea. Lakini kinachoniua sio 3,500, ni ile 1,000 ya chanjo. Nimempigia nikamuuliza chanjo gani, mzee wa shubiri? Akasema alisikia kideri kiko mtaa wa pili, akaogopa, akanunua ile ya matone, akawadondoshea wote na wangu akiwemo, sasa chupa ni ya kuku 100, anapita geti kwa geti na daftari watu wachangie. Na daftari. Nikakata simu nikakaa chini.

Nitamtumia, nitafanyaje, tunachangia ukuta. Na hela yenyewe sina kwa sababu mwezi huu dagaa imepanda, mashudu yamepanda, pumba ambayo zamani mashineni unaambiwa kachukue tu nayo inapimwa kwenye mizani. Na juu ya hapo shemeji kapiga simu anakuja Jumapili na familia, katuomba tusisumbuke, ila daktari kamkataza kuku wa kisasa, yeye ni kienyeji tu. Hatusumbuki! Nimemuuliza mama watoto tunachinja nani, Mheshimiwa hachinjiki bei niliyotoa naijua mwenyewe, kishingo nikimchinja mama mkwe atajua kabla supu haijachemka, wale tembe wawili ndo kwanza vilemba vinaiva wekundu wanakaribia kutaga. Watoto nao kila kuku wamempa jina na wanalia. Na mwisho wa yote firigisi, ambayo kwa haki ya Mungu ni ya baba mwenye nyumba, itawekwa kwenye sahani ya shemeji, kwa sababu eti mgeni, na atakuwa anaitafuna huku ananiuliza, hivi yule jogoo wako pale nje si Sasso yule?