Kumbe Mimi Si Mtu wa Tatu

Retro ya kushoto, kioo changu cha kuonea nyuma, imekwenda. Sisemi imevunjika, kitu kikivunjika kinaacha vipande, unaokota, unalia, basi. Hii yangu iliondoka nzima asubuhi ya leo kwenye shose ya Kasenga, barabara ya hapa Lubumbashi, imenaswa na kamba za mfuko wa makala (makaa) wa manseba mmoja, kijana wa pikipiki ya abiria, ikasafiri kama mita 20 huku imenielekea, nami najiona ndani yake nazidi kuwa mdogo.

Ninyi mnaoendesha volani, usukani, ya kuume mnajua msiba wenyewe. Retro ya kushoto na mama watoto, hao ndio macho yangu. Yeye anakaa upande wa hatari, ananiambia "pita" ama "ngojea, Fuso inakuja!" Siku tukigombana hasemi neno, nami nabaki nyuma ya lori la shaba mpaka karibu na Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sasa nimebaki na jicho moja, na lenyewe hununa.

Manseba alisimama. Hilo nalisifu, wengine hawasimami. Alikuwa na abiria wawili, makala na jogoo. Akaniangalia kwa huruma, akasema: "Pole, papa. Lakini na weye ulikuwa umeiacha inje."

Retro! Nimeiacha nje! Kama nguo kwenye kamba na mvua inakuja.

Rulaji, polisi wa barabara, akafika kabla vumbi halijatua. Akaanza na mimi, maana mwenye gari ndiye mwenye mfuko. Triangulo, pembetatu ya barabarani? Ipo. Kizima moto? Kipo. Sanduku la dawa? Lipo, ndani mna pamba na vidonge viwili ambavyo hakuna anayekumbuka vilikuwa vya nini. Asiransi, bima ya gari?

Hapo, ndugu zangu, nilishuka garini. Sikushuka haraka. Nilishuka kama mtu anayeitwa kupokea medali. Miaka 11 nalipa asiransi, nalipa kwa dola safi, kwa sababu ile yenye mpasuko wa unywele wanairudisha kama vile umewapa jani la muhogo. Miaka 11 ile karatasi inakaa kwenye kioo, kazi yake ni moja: rulaji akiinama, imwambie pita zako. Leo ndiyo siku yake ya kufanya kazi nyingine. Nikawaambia wote, pamoja na jogoo: "Hakuna kelele. Mimi niko na asiransi." Nikapiga picha karatasi ya manseba, iliyokuwa imekunjwa mpaka ukubwa wa peremende, nikachukua namba yake ya simu, nikapokea retro yangu imejaa masizi, nikaondoka na heshima yangu.

Sheria ya kutulazimisha asiransi ya gari hapa Kongo ni ya tarehe 5 Januari 1973. Tangu hapo, kwa miaka mingi, nchi nzima ilikuwa na kampuni moja tu, ya serikali, huna pa kwenda kwingine, unalipa na kunyamaza. Sheria ya 2015 ikafungua mlango, leo kampuni ni kadhaa, kila moja na rangi yake na kiyoyozi chake. Tumepata uhuru wa kuchagua nani atuambie hapana.

Biro, ofisi ya asiransi niliyoenda mimi, siitaji. Umeme ulikuwa umekatika, mlinzi akaniuliza kama nimekuja kulipa ao kudai. Niliposema kudai akanionyesha benchi lisilo na mgongo. Hayo tuyaache.

Mamzel, binti wa biro aliyenipokea, alikuwa na adabu sana, na mimi adabu ya biro inanitisha. Akafungua kontra yangu, mkataba wa asiransi, kurasa ambazo sijawahi kuzifungua kwa sababu zilikuja zimebanwa na pini na mimi naheshimu pini.

"Papa, kontra yako ni ya RC."

"RC ni nini, mamzel?"

"Responsabilité civile. Inalipa hasara unayomfanyia mtu wa tatu."

"Vizuri. Basi mimi nimefanyiwa hasara."

"Njo vile, papa. Umefanyiwa. Hii ni ya ile unayofanya."

Nikakaa sawasawa kwenye kiti. "Maana yake ningemgonga mimi yule manseba..."

"Tungemlipa yeye."

"Na kwa kuwa yeye ndiye kanigonga mimi..."

"Weye si mtu wa tatu, papa."

Alisema kwa upole kama daktari. Akachukua kalamu akanichorea. Wa kwanza ni wewe uliyelipa. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni wote waliobaki duniani: manseba, mpita njia, gari la jirani, ukuta wa parokia, mbuzi.

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa mtu, ndiyo. Ukimgonga na kosa ni lako, mwenyewe analipwa."

Yaani mbuzi yumo. Mimi simo.

Sikutaka kupandisha sauti. Nilimwambia: "Mamzel, mimi nimekuwa mtu wa tatu maisha yangu yote. Nimezaliwa wa tatu, nguo zangu zote zilikuwa zimekwisha kuvaliwa na wawili. Kwenye taksi, kiti cha mbele kikiwa kimejaa, mimi ndiye yule anayeitwa kukalia vitesi, gia. Nyumbani kwangu mwenyewe, bukari, ugali wetu, ikifika mezani, anapakuliwa mama mkwe, anapakuliwa mgeni, halafu mimi, na mgongo wa kuku. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naweza kuwa wa kwanza. Leo, mara moja tu, kuwa wa tatu kuna pesa, ndiyo mnanipandisha cheo?"

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaguna kwa kukubali. Mamzel akaniuliza kama nataka maji.

Nikataka kujua mengine, maana ukishaumwa na nyoka unauliza na majina ya nyoka wengine. "Kioo cha mbele kikipasuka?"

"Kile kinalipiwa pembeni, papa."

"Wakiiba gari?"

"Pembeni."

"Moto?"

"Moto ya kupanda, ile pikipiki, ao moto ya kuungua?"

"Ya kuungua, mama! Ya kupanda si ndiyo imenileta hapa!"

"Pembeni."

"Na mimi mwenyewe, nikiwa kwenye volani, nikavunjika mguu?"

"Dereva naye si mtu wa tatu. Kuna garanti ya dereva, lakini..."

"Pembeni."

"Njo vile."

Kumbe miaka 11 nimelipia katikati, na vitu vyangu vyote vinaishi pembeni: mguu, kioo, gari lenyewe. Na kuna jambo lililonichoma zaidi. Mwaka jana nilipeleka mazishi Ndola, nikakata ile karata ya njano ya COMESA, asiransi ya kuvukia mpaka. Mamzel ananiambia ile, mbali na kumlipa Mzambia utakayemgonga, inagusa pia matibabu ya dereva na abiria wake wakiumia huko. Hesabu mwenyewe. Mguu wangu una thamani kuanzia Kasumbalesa kwenda mbele. Ukirudi Lubumbashi, ni mguu tu.

"Bon," nikasema, "nipe ile kubwa basi, ya kulipa kila kitu. Riski zote."

"Gari ni ya mwaka gani?"

"2002."

Akatabasamu vile manesi wanavyotabasamu kwa mgonjwa aliyeuliza atacheza mpira lini. Akasema kwa umri ule ni vigumu, kisha, hata ningekuwa nayo, kuna fransizi. Nilidhani anasifu Kifaransa changu. Hapana: fransizi ni fungu la hasara unalobeba mwenyewe kabla kampuni haijagusa mfuko wake. Fransizi ikiwa dola 100 na hasara dola 300, wanatoa 200.

"Retro yako ni bei gani, papa?"

"Arobaini. Ya mtumba, 25, ukijua kuongea."

"Unaona."

"Naona. Ili nilipwe, ilibidi yule kijana anigonge kwa bidii zaidi."

"Sijasema vile, papa."

Halafu, nikiwa nimekwisha kuinuka, nikitafuta kofia, yule mamzel akashtuka kama aliyekumbuka chungu motoni. "Ngojea! Kama kosa ni la manseba, kwa asiransi YAKE, weye njo mtu wa tatu!"

Nikakaa tena. Mimi! Wa tatu! Yule mzee wa foleni akanipa mkono. Mlinzi akachungulia. Nilijiona nimerudi kwenye ukoo. Mamzel akaeleza: ni kuleta PV (ripoti) ya polisi, picha za gari, na karatasi ya manseba, kisha tunaifuata kampuni yake. Karatasi ya manseba! Ninayo! Nikatoa simu, betri asilimia 4, nikamfungulia picha. Akaikuza. Akaisogeza. Akanyamaza.

"Papa, hii karatasi si ya pikipiki."

"Ni ya nini?"

"Ya Fuso."

Plaki, namba ya gari, ni ya Fuso, tani zake zimeandikwa, na tarehe imekwisha mwezi wa tatu. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi asubuhi nimegongwa na lori, nikatoka mzima, na kilichokwenda ni retro tu. Wangepaswa kunipeleka kanisani kutoa ushuhuda.

Nikampigia manseba. Akapokea mama mmoja anayeuza bitoyo, samaki wa chumvi, huko Katuba, akanitukana vizuri kabisa.

Hapo sikucheka. Kijana yule kwa siku moja anabeba watu wangapi? Wanafunzi, akina mama na vichanga mgongoni, wawili wawili, watatu watatu, kwenye gudroni, lami, lenye mashimo ya kuzikia mbwa, na karatasi aliyonayo ni ya Fuso iliyokufa. Siku atakayowamwaga, hao ndio watu wa tatu wenyewe, wa kweli, na hakuna wa kwanza wala wa pili. Mamzel anasema hata wenye karatasi ya pikipiki, wengine wameandikisha matumizi ya nyumbani ili walipe kidogo, halafu wanabebea abiria. Ajali ikitokea kampuni inasoma mstari huo kwanza. Tajiri wa pikipiki anasubiri vesma yake, hesabu ya siku, jioni, hasomi mstari wowote. Na rulaji aliishika ile karatasi mbele yangu, akaigeuza, akairudisha! Aliona nini? Aliona mhuri. Na mimi niliona nini? Mimi hata sikuangalia, nilikuwa naringa.

Retro yenyewe haikubali kurudi, shingo imekatika. Kwa sasa nimefunga pale kioo cha kwaferi, kinyozi wetu wa jirani, kwa mpira wa tyubu, kile cha kumwonyesha mteja kisogo chake. Kinaonyesha vizuri, ila malori yote yanakuja yamepinduka kidogo, na juu kuna picha ya mitindo ya nywele, kwa hiyo kila Fuso inayonikaribia imenyoa kiduku. Mama watoto amekataa kukaa pembeni yake. Kwaferi anakitaka kabla ya Jumamosi, maana ndiyo siku ya vichwa. Nimemwambia sawa. Akaniangalia kichwa, akasema na wewe papa umechelewa, kaa hapa. Siku hizi ni faranga elfu tatu. Eti esansi ya grupu, petroli ya jenereta, imepanda. Elfu tatu, kwa kichwa ambacho nusu yake nimekwisha kukitoa mwenyewe bure!