Kadi ya Mgonjwa Mfukoni mwa Mwanafunzi

Katika jimbo la Colorado, Marekani, huwezi kuuziwa bangi ya starehe mpaka utimize miaka 21. Ukiwa na kadi ya mgonjwa, yaani kibali cha jimbo cha kutumia bangi kama dawa, duka la bangi ya tiba linakuhudumia ukiwa na miaka 18. Miaka 18 ni umri wa kijana ambaye bado anavaa begi la shule, anakaa darasani na wenzake wa miaka 16 na 17, na jioni anapanda nao basi moja. Pengo hilo la miaka mitatu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu katika mabishano yote kuhusu maduka haya, watu hulipita wakikimbilia habari za majambazi.

Mabishano yenyewe yana umri wa kutosha. Wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 215, lililoruhusu bangi ya tiba, mwaka 1996, na wenzao wa Colorado wakafuata mwaka 2000. Tangu hapo wanaopinga maduka hutoa malalamiko mawili kwa pumzi moja: yanaleta uhalifu mtaani, na yanawafikishia watoto bangi. Mimi naona haya ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina hukumu yake.

Tuanze na uhalifu. Ingia katika duka la aina hii: mlangoni mlinzi anakagua kitambulisho, juu kuna kamera, ndani kuna mitungi ya kioo na muuzaji mwenye mizani, na pembeni mara nyingi utakuta mashine ya kutolea pesa. Mashine hiyo ina sababu. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 1970 iliiweka bangi daraja moja na heroini, kwa hiyo benki nyingi ziliogopa kugusa fedha za biashara hii hata pale jimbo lilipoihalalisha. Mauzo yakawa ya noti, mishahara noti, hata kodi watu wakaipeleka noti ndani ya mifuko. Mwizi yeyote mwenye akili alijua hilo. Juni 2016, mlinzi wa duka moja la bangi katika mji wa Aurora, Colorado, alipigwa risasi na kufa katika jaribio la wizi. Aliacha mke na watoto. Baraza la Wawakilishi la Marekani limepitisha zaidi ya mara moja muswada wa kuzilinda benki zinazohudumia biashara hii, kuanzia mwaka 2019, na Seneti ikaukalia.

Kwa hiyo hatari ipo, na anayeikana hawatendei haki walinzi hao. Lakini je, mtaa mzima huharibika? Jiji la Los Angeles, California, liliagiza mamia ya maduka yafungwe mwaka 2010. Mwaka uliofuata taasisi ya utafiti ya RAND ilitangaza kwamba uhalifu uliongezeka pale maduka yalipofungwa. Wengi walidhani ungepungua. Ofisi ya mwanasheria wa jiji ilikuja juu, ikabainika kwamba takwimu zilizotumika hazikuwa na rekodi za polisi wa jiji lenyewe, na RAND ikaiondoa ripoti. Kama habari ingeishia hapo, wapinzani wangekuwa na haki ya kucheka. Ila watafiti walirudi na takwimu kamili, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo yaleyale: duka likifungwa, wizi karibu nalo unapanda. Cha kushangaza zaidi, waliona hali kama hiyo kwenye migahawa iliyofungwa kwa muda kwa ajili ya usafi. Taa zikizimwa na wapita njia wakipungua, mwizi wa magari anapata nafasi. Pia uko utafiti wa Long Beach, mji mwingine wa California, uliokuta uhalifu zaidi kwenye maeneo yanayopakana na maduka mengi, kwa hiyo sitasema suala limefungwa. Ninachosema ni kwamba duka lenye taa, mlinzi na akaunti ya benki halistahili kubebeshwa lawama zote za mtaa.

Kwa vijana mizani inageuka, na hapa wenye maduka hujitetea kirahisi mno. Hutaja utafiti mkubwa wa mwaka 2015, uliotazama wanafunzi zaidi ya milioni moja kati ya 1991 na 2014, ukakuta kwamba matumizi ya vijana hayakupanda baada ya majimbo kupitisha sheria za bangi ya tiba. Ni utafiti wa maana, nami nauamini. Lakini weka pembeni yake utafiti mwingine wa Denver, mji mkuu wa Colorado, wa mwaka 2012: kati ya vijana 164 waliokuwa wakitibiwa uraibu, 121 walisema wamewahi kutumia bangi ya tiba iliyokuwa ya mtu mwingine. Mmoja unahesabu vijana wote, wa pili unawatazama walioumia. Zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja: idadi ya wanaovuta isiongezeke, ila aliyekwisha kuzama apate kisima karibu.

Na kisima chenyewe si kilekile. Siku hizi bangi hukamuliwa mpaka ikawa kama nta, nguvu yake mara kadhaa ya majani. Gramu moja inaingia kwenye kikopo kidogo kama cha mafuta ya midomo. Kabla ya mwaka 2021, mwenye kadi Colorado aliruhusiwa kununua gramu 40 za nta hiyo kwa siku, yaani vikopo 40. Hakuna mgonjwa wa miaka 18 anayemaliza hivyo peke yake. Mwaka huo jimbo lilishusha kiwango mpaka gramu 8, na gramu 2 kwa wenye miaka 18 hadi 20, ambao pia walitakiwa kuidhinishwa na madaktari wawili wa vituo tofauti.

Wagonjwa walilalamika, na sauti yao ni nzito. Colorado ndiko alikokulia Charlotte Figi, mtoto aliyepata degedege karibu mara 300 kwa wiki kabla ya mama yake kumpa mafuta ya bangi isiyolevya. Familia zilizohamia huko kwa sababu yake hazikuwa zikitafuta starehe. Kijana wa miaka 19 mwenye saratani sasa analipa madaktari wawili. Hilo linaniuma, na jimbo lingeweza kumlipia daktari wa pili. Hata hivyo naiunga mkono sheria ile, kwa sababu imegusa njia ambayo bangi hupitia kweli kuwafikia wanafunzi.

Imeigusa nusu tu. Kaka wa miaka 22 mwenye kadi bado anaruhusiwa gramu 8 kila siku, na huenda katika nyumba ya kupanga analala chumba kimoja na mdogo wake wa miaka 15.